Kompyuta ya gemu kwa binti wa miaka 13: tununue iliyo tayari au tuiunganishe wenyewe hapa Kigoma?

Mama wa Gungu:

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limezua mjadala nyumbani kwetu. Binti yangu ana miaka 13 na Januari anaanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Baba yake alimwahidi kwamba akifaulu mtihani wa darasa la saba atapata kompyuta ya kuchezea gemu, na kwa kuwa amefaulu, hatuna tena pa kukwepea. Anapenda Minecraft na Roblox, na likizo iliyopita alipokwenda Tabora kwa binamu zake alirudi na wazimu wa eFootball, ambao kwa kweli sikuutarajia.

Tumetenga shilingi milioni moja na laki nane, pamoja na skrini, kibodi na kila kinachohitajika ili mashine iwake. Njia ya kwanza ni kununua Dar es Salaam kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, yenye kasha la kioo na feni zinazowaka taa za rangi, ambayo mwenye duka anasema ni ya gemu na ataituma kwa basi. Njia ya pili ni ya mjomba wake, anayeishi Temeke, ambaye anashikilia kwamba tununue kifaa kimoja kimoja na kukiunganisha wenyewe, kwa hoja kwamba fedha hiyo hiyo itatupatia mashine yenye nguvu zaidi na mtoto atajifunza. Mimi kazi yangu ni hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo bei naweza kuzilinganisha, lakini siwezi kupima ukweli wa maneno ya wauzaji. Tena kuna jambo linalonitia hofu kuliko bei: mashine ikizimika ikiwa hapa Gungu, nitaipeleka kwa nani?

Fundi wa Isevya:

Hongera kwa binti, mama. Mimi natengeneza kompyuta hapa Tabora, na nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu watu wengi hulifikia wakati mashine imeshakaa mezani kwangu bila dalili ya uhai.

Kifaa kinachokufa mapema katika mikoa yetu, kwa uzoefu wangu, ni pawa saplai, kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, yeye ndiye anayepokea kipigo cha kwanza. Ikiwa pawa saplai yako ni ya umbo la kawaida linaloitwa ATX, nitaifungua kwa skrubu nne, nitaweka nyingine kutoka duka lolote la Tabora, Kigoma au Mwanza, na mtoto atarudi kucheza jioni hiyo hiyo. Lakini ikiwa ni kompyuta ya kampuni kubwa yenye pawa saplai ya umbo lake peke yake na plagi za ndani zisizofanana na za wengine, utasubiri ipatikane ile ile, mara nyingi iliyotumika, na kwa bei atakayoipanga mwenye nayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ununue au uunganishe, uliza kama kila kilichomo ndani kinaweza kubadilishwa na kitu kilichopo hapa kwetu. Mashine iliyo tayari inaweza kupita mtihani huo, na mashine ya kuunganisha inaweza kuanguka iwapo itakusanywa ovyo.

Kuhusu hiyo yenye kioo na taa, mwombe mwenye duka akuandikie jina kamili la kila kifaa. Akikuandikia "Core i5" peke yake kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hajakuambia kitu, kwa sababu i5-3470 ilitoka mwaka 2012 na i5-12400 ilitoka mwaka 2022, na zote mbili ni i5. Kwenye kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu na ambayo wauzaji huiita GPU, "GB 8" nayo si jina. Ziko kadi nyingi za RX 580 sokoni zilizokuwa zikichimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku, kisha zikamwagwa baada ya Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kuacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022. Baadhi bado ni nzima, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha na zilizochoka. Ziko pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huwa inaweza kuwaumbua wauzaji wa namna hiyo, kwa hiyo muuzaji anayekataa kuifungua mbele yako amekwisha kukujibu. Kwa bajeti yako, kasha la kioo na zile feni zimekula fedha iliyopaswa kwenda kwenye prosesa. Ni sawa na kuchagua sufuria kwa uzuri wa mfuniko.

Mimi ningeunganisha, lakini bila kadi ya michoro kwa sasa. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ina viini 6 na ina sehemu ya michoro ndani yake. Minecraft na Roblox itazicheza vizuri, na eFootball pia kwa ubora wa picha wa wastani. Miaka ijayo, mkipata fedha, mnachomeka kadi ya michoro kwenye nafasi yake bila kubadilisha kingine, ila muwe mmenunua pawa saplai ya kutosha tangu mwanzo, walau wati 500 za kweli kutoka kampuni inayojulikana.

Hapo kwenye prosesa mwambie mjomba asome herufi ya mwisho kwa makini. Ryzen 5 5600G ina michoro ndani. Ryzen 5 5600 na 5600X hazina, na ukiziwasha bila kadi ya michoro, skrini itabaki nyeusi. Kwa upande wa Intel ni kinyume: yenye F mwishoni, kama i3-12100F, ndiyo isiyo na michoro. Nimeletewa mashine mpya kabisa ambayo mwenyewe alidhani imeharibika, kumbe aliuziwa herufi isiyo yake.

RAM nayo, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, isiwe kijiti kimoja cha GB 16. Viwe viwili vya GB 8. Michoro ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, na vijiti viwili huipa njia mbili za kupitishia data badala ya moja. Tofauti yake kwenye gemu utaiona bila kupimiwa.

Mzee wa Kibirizi:

Mnunulieni PlayStation 4 iliyotumika, iunganisheni na televisheni ya sebuleni, mambo yaishe. Prosesa, vijiti, herufi, yote hayo ya nini kwa mtoto wa miaka 13?

Mama wa Gungu:

Shikamoo mzee wangu. Hilo tulilifikiria, na kwa upande wa michezo nakubali kwamba lingekuwa jepesi. Lakini tunataka kitu ambacho ataandikia kazi za shule na kujifunzia kutengeneza programu, na baba yake hayuko tayari kugombania televisheni saa ya taarifa ya habari.

Mwalimu wa Mwanga:

Nawasalimu wote. Ninafundisha hapa Kigoma mjini na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishughulikia chumba cha kompyuta cha shule. Naheshimu aliyoyasema fundi, ila nadhani ameiruka njia ya tatu ambayo kwa bajeti hii ingepaswa kutajwa mapema: kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini Ulaya au Dubai, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuiongezea kadi ndogo ya michoro. Mashine hizi zilitengenezwa kufanya kazi siku nzima kwa miaka mingi, zinauzwa zikiwa zimekamilika, na fedha inayobaki inatosha kwa skrini nzuri na kadi. Zaidi ya hayo, tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu zake kwenye mitambo ya akili bandia, na anayeunganisha mashine mpya ananunua RAM kwa bei ya leo, wakati mashine iliyotumika inakuja na RAM yake ndani.

Masharti yapo. Microsoft ilisitisha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo i5-6500 na i5-7500, za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia, ziacheni. Tafuteni i5-8500 au ya baada yake, ambayo mtaikuta kwenye OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. Sharti la pili ni ukubwa wa kasha. Lile jembamba linalolazwa chini ya skrini halipokei kadi ya kimo cha kawaida, na wengi huligundua hilo wakiwa wameshika kadi mkononi. Chukueni lile refu la kusimama. Kadi nayo iwe ile inayojitosheleza kwa umeme wa nafasi inapochomekwa, ambao hauzidi wati 75, kama GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024.

Nimwongezee mama jambo moja ambalo wauzaji wa Dar hawatamwambia, nalo ni LUKU. Ikiwa nyumba yenu iko kwenye daraja la D1, bei nafuu ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Mashine kubwa ya gemu inayokula wati 350 pamoja na skrini, ikichezwa saa tatu kila siku, inamaliza kama uniti 31 na nusu kwa mwezi, wakati yenye wati 150 inamaliza kama 13 na nusu. Kwa nyumba yenye friji na pasi, uniti hizo 18 zinaweza kuwa ndizo zinazokutoa kwenye bei nafuu.

Fundi wa Isevya:

Mwalimu, hesabu yako ya LUKU naichukua nzima, nami nitakuwa nawasomea wateja wangu. Na kuhusu RAM umesema kweli, imepanda. Ndiyo maana ningemshauri mama aulize bei ya vile vijiti viwili kabla ya kununua chochote kingine, kwa sababu hapo ndipo bajeti inaweza kupasuka. Ikipasuka kabisa, njia yako ndiyo itakayobaki, na si njia mbaya.

Ninapotofautiana nawe ni pale pale nilipoanzia. OptiPlex na EliteDesk ulizozitaja ni mashine imara, lakini pawa saplai zake si za ATX ya kawaida. Plagi inayoingia kwenye ubao mama, ule ambao vifaa vyote huchomekwa, ina umbo lake, ubao wenyewe haukai kwenye kasha lingine, na kitufe cha kuwashia kina waya wa aina yake. Shuleni kwako zipo nyingi, kwa hiyo moja ikifa unaifanya spea za nyingine. Mama ana moja tu. Kuna vigeuzi vya waya vinavyouzwa kwa ajili hiyo, nami nimevitumia, lakini sipendi kumwachia mtoto mashine yenye kiraka kwenye njia ya umeme.

Suala la usafiri nalo lizingatiwe. Kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, yenye kadi nzito ya michoro ndani, ikisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kwenye buti la basi, ile kadi inaning'inia kwenye nafasi yake kwa ukingo mmoja mwembamba na kutikiswa njia nzima. Nimeziona zilizofika zikiwa zimechomoka nusu, na nimeona nafasi iliyopasuka. Ikilazimu kusafirisha iliyo tayari, kadi itolewe na ipakiwe peke yake. Vifaa ambavyo bado viko kwenye maboksi yake ya kiwandani husafiri kwa amani zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Shangazi wa Katubuka:

Nami nichangie kidogo, kwa kuwa nina wawili wa umri huo. Mnapopiga hesabu ya bei, msisahau bando. Gemu kubwa hupakuliwa kwa makumi ya GB; GTA V peke yake inadai zaidi ya GB 100, na hiyo hata bando likiwepo si ya mtoto wa miaka 13, kwani Ulaya imewekewa umri wa miaka 18. Minecraft ni nyepesi na ikishaingia inachezwa hata bila intaneti, jambo ambalo Roblox haiwezi. Ndani ya mashine mweke SSD, yaani hifadhi ya gemu na mafaili, ya walau GB 500, maana ya GB 256 itajaa na mtoto ataanza kufuta gemu moja ili kupakua nyingine, na kila upakuaji ni fedha yenu. Na kompyuta ikae sebuleni.

Mama wa Gungu:

Nawashukuru sana. Nimekaa na baba yake na tumempigia mjomba simu tukiwa na maneno yenu mbele yetu. Kwanza aliulizia RAM kama fundi alivyoelekeza, na bei ya vijiti viwili vya GB 8 aina ya DDR4 ni kubwa kuliko tulivyotarajia, lakini bado tunabaki ndani ya bajeti tukiacha taa na kioo na kuchukua kasha la kawaida la chuma lenye matundu ya kupitisha hewa mbele. Kwa hiyo tumeamua kuunganisha: 5600G, ubao mama wa B550, SSD ya GB 500, pawa saplai ya wati 550, na skrini iliyotumika ya inchi 24. Mwalimu, shauri lako tumeliweka akiba endapo maduka yatatugeuka. Kusema kweli kilichonisukuma ni lile suala la spea, na pia kwamba kadi tunaweza kuiongeza baadaye bila kuuza tulichonacho. Dukani kwetu mteja anayejenga kwa awamu ndiye ninayemwelewa.

Nina maswali mawili yaliyobaki. UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ninunue Dar au hapa Kigoma? Na je, kweli binti huyu anaweza kuiunganisha mwenyewe na mjomba wake wakati wa sikukuu, au nimlipe fundi?

Fundi wa Isevya:

UPS nunua hapo hapo Kigoma. Ina betri nzito, nauli yake kutoka Dar haina maana, na ikisumbua utairudisha kwa miguu. Ila usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi: VA 650 si wati 650, na kwenye nyingi za ukubwa huo wati halisi ni kama 360. Kwa mashine yenu inatosha kabisa, kwa maana itawapa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Msitegemee kumalizia mechi kwayo.

Binti ataiunganisha, na ningesikitika kama mngemnyima nafasi hiyo. Kazi yote inahitaji bisibisi moja ya nyota na meza yenye mwanga. Wakati wa kuwa naye karibu ni mmoja tu, ule wa kuweka prosesa, kwa sababu Ryzen za aina hiyo zina vijipini vingi vyembamba upande wa chini na kikipinda kimoja kuna kazi. Kwenye kona moja ya prosesa kuna pembetatu ndogo ya rangi ya dhahabu, na kwenye soketi ya ubao kuna pembetatu kama hiyo. Ainue kile kiwiko cha chuma, alinganishe pembetatu mbili, aiachie prosesa ishuke kwa uzito wake wenyewe bila kuibonyeza, kisha arudishe kiwiko. Isiposhuka, haijakaa sawa. Anyanyue na kulinganisha upya. Kipozeo kinachokuja nayo kwenye boksi kina pesti ya kupitisha joto iliyokwisha kupakwa chini yake, kwa hiyo asiiguse wala kuifuta. Vijiti viwili vya RAM, kwenye bao zenye nafasi nne, kwa kawaida viende nafasi ya pili na ya nne kuhesabia kutoka upande wa prosesa, si vikae pamoja. Waya wa skrini uchomekwe kwenye ubao mama wenyewe, na mjomba ahakikishe kabla ya kununua kwamba ubao huo una tundu la HDMI.

Huko dukani mjomba aombe risiti ya EFD yenye jina la kila kifaa, anunue duka moja kadiri inavyowezekana ili asirushwe kutoka kaunta moja kwenda nyingine kitu kikigoma, na aombe wauunganishe ubao, prosesa na RAM juu ya meza na kuviwasha mbele yake. Duka la maana halikatai. Hapo pia atajua kama programu ya msingi ya ubao inaitambua 5600G, kwani baadhi ya bao za B550 za mwanzo zinahitaji kusasishwa kwanza. Wakishavijaribu, virudi kwenye maboksi yake.

Kisha aigeuze pawa saplai aitazame kwa nyuma. Baadhi za bei rahisi zina kiswichi kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na akachomeka kwenye ukuta wetu, italia mara moja tu. Ikiwa na kiswichi hicho, aiache na aombe nyingine. Nzuri za sasa hazinacho kabisa. Anipigie picha ya boksi la prosesa na la pawa saplai kabla hajalipa, nitakuwa mezani kwangu mpaka saa kumi na mbili jioni.